Mvua ya Ndani

Machi 9

Mume wangu ameniletea kitabu hiki cha tarehe kutoka kiwanda cha mikate, anakofanya zamu ya usiku. Muuza unga amewagawia, kila mmoja na chake, na wenzake wameshaanza kuchana kurasa za vyao kufutia mikono. Mimi nimeona haya kuchana karatasi nyeupe namna hii. Basi nitaandika mpaka mvua za msimu huu ziishe au mpaka nichoke, kitakachotangulia.

Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya nyumba yetu. Alikijenga Baba, yaani baba mkwe, anayekaa nasi tangu mama mkwe atangulie mbele ya haki. Kabla ya hapo nilikuwa naanika nje na kukimbizana na mawingu kama mwehu. Baba ni fundi wa kuezeka. Ukisimama kibarazani kwetu ukatazama mtaa, kila unakogeuka kuna paa lake, na usipojua atakuonyesha. Hiki chumba changu ndicho alichoezeka mwisho kabla goti halijaanza kumsumbua, na hakuna asubuhi asiyopita kukitazama kama mtu anayemtazama kitinda mimba wake.

Mawingu leo yamekaa vibaya.

Machi 11

Mvua imefungua. Nimeingiza kamba zote ndani.

Machi 13

Chumvi imeshikana kwenye kopo, nimeitoa kwa ncha ya kisu. Kiberiti kinagoma. Mlango wa chumba cha kufulia umevimba, kuufungua lazima niupige bega, na kuufunga ndiyo kabisa. Hakuna aliyemwaga maji popote. Hewa yenyewe imelowa. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yakipata joto yanageuka mvuke, mvuke unapanda juu, ukikutana na baridi unarudi kuwa maji. Niliandika jibu, nikapata alama zangu, nikaondoka zangu. Hakuna aliyeniambia habari za chumvi.

Machi 16

Leo nilikuwa napiga pasi, tone likaniangukia shingoni. Nikafikiri ni jasho langu. La pili likaanguka kwenye shuka nililokuwa nimeshalimaliza, likaacha doa la rangi ya chai. Nikatazama juu. Matone mengine yalikuwa yamejipanga kwenye bati, yanasubiri zamu.

Nilimfuata Baba kibarazani.

"Baba, chumbani kwangu panavuja."

Akaweka kikombe chini. "Panavuja wapi?"

"Juu ya meza ya pasi."

"Paa langu?"

"Paa letu, Baba."

Alikuja, akasimama chini ya bati shingo nyuma mpaka nikaanza kuumwa mimi. Halafu akasema ni mpira wa msumari, ule unaokaa chini ya kichwa chake. Jua linaukausha, unapasuka, maji yanapata njia. Alisema kwa sauti ya daktari anayekwambia ni mafua tu.

Machi 18

Wifi amekuja, dada yake mume wangu. Nyumba yake ya vyumba viwili imefika juu, kuta zimesimama, bado paa tu. Anasubiri mvua zipungue ili Baba aezeke. Hii ni ahadi ya zamani. Wifi anasema alikuwa bado anacheza vumbi pale Baba alipomwambia, "Wewe uolewe usiolewe, paa la nyumba yako ni langu." Hakuolewa. Kajenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa mshahara wake wa ushonaji, na hataki fundi mwingine aguse bati lake.

Baba alimuuliza upana wa kuta, urefu wa mbao, upepo unatokea upande gani. Goti lilisahaulika kabisa. Mume wangu alikuwa amekaa pale na macho ya usingizi, akasema, "Baba, wewe utaelekeza tu. Kupanda watapanda wengine." Baba akamjibu kwamba paa haliezekwi kwa mdomo.

Machi 20

Kumekucha bila mvua, Baba akapanda na kopo la lami. Mimi nimeshika ngazi. Alipaka kila msumari. Mume wangu aliamshwa na kishindo cha bati, akatoka na shuka begani akaanza kunifokea mimi, eti nimemruhusu. Nikamwambia ampandie yeye amteremshe. Akarudi kulala.

Machi 22, Jumapili

Mvua kubwa kutwa nzima, ya kupiga bati mpaka tunaongea kwa ishara. Jumapili sifui. Nilikwenda mara kwa mara kuchungulia: kukavu, hakuna hata tone. Baba amekula vizuri, kaomba na chai ya pili. "Si nilikwambia, mkwe? Mpira."

Machi 24

Panavuja. Tena zaidi ya mwanzo.

Machi 25

Meneja wa nyumba ya wageni alikunjua shuka moja mbele yangu mezani kwake. Ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo kayachagua vizuri. "Mama, haya ni madoa au ni ramani?" Nikasema nitayarudia. Akasema wageni wake wanakuja kulala, si kusoma jiografia. Nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya, lakini nilirudi nyumbani nimefura.

Hasira zimeishia kwa Baba. Nimemwambia kwa adabu, lakini nimemwambia: paa halijapona. Akaenda kutafuta simenti.

Machi 27

Ameziba juu ya ukuta. Pale bati linapolalia ukuta, kila wimbi la bati linaacha kijitundu unachoweza kupitisha kidole. Anasema mvua ya upepo inaingilia hapo. Kavijaza vyote, kijitundu kimoja kimoja, kalainisha kwa kidole, utadhani anapamba keki. Kazi safi, siwezi kusema uongo.

Machi 28

Hewa nzito chumbani. Nafua huku nahema kama niliyepanda mlima.

Machi 31

Panavuja. Sasa hata ukuta wa nyuma umelowa, na nyuma ya kabati kumeota uchafu mweusi kama masizi.

Aprili 2

Leo kaziba na yale matofali ya matundu yanayopitisha hewa ukutani, kwa mbao na misumari, ndani na nje. Yalikuwa ndiyo tundu la mwisho ukiacha mlango na dirisha, na dirisha silifungui kwa sababu ya mvua.

Nikasema, "Baba, humu nitapikika."

"Joto halichafui mashuka, mkwe. Maji ndiyo yanachafua."

Nimemwachia apigilie. Ila nimechoka naye, hapa naandika ukweli. Kutwa yuko chumbani kwangu, shingo juu, nikitaka kupita na beseni lazima nimwombe njia. Akiona tone anainua kidole anaonyesha, kama vile mimi silioni, kama vile haliangukii kazi yangu. Ningekuwa na mzee anayependa kucheza bao huko nje, ningeshukuru.

Aprili 5, Jumapili

Mvua. Sikufua. Kukavu. Baba kaketi ananiambia sasa tumeipata dawa.

Aprili 7

Hatujaipata. Leo imenyesha ndani kuliko nje. Nje yalikuwa manyunyu tu.

Aprili 9

Baba amekwenda kuazima turubai kwa mwenye lori, kubwa la kufunikia mizigo. Mume wangu alirudi kutoka kazini, hakulala, akapanda yeye. Wamefunika paa lote la chumba, wakafunga kamba pande zote na kuning'iniza matofali ili upepo usilifunue. Mzee alikuwa chini anaelekeza kwa mdomo, jambo ambalo alisema haliwezekani. Hakuna aliyemkumbusha.

"Sasa," akasema, "hata kama mpira umepasuka, hata kama bati lina tundu, maji yatapita wapi?"

Mimi nimefua kama kawaida. Meneja kaniongezea mashuka, wageni wamejaa.

Aprili 10

Asubuhi nilipopiga mlango bega, nilikaribishwa na tone. Bati lote la ndani lilikuwa limelowa, mstari kwa mstari, na mashuka niliyoyaacha kwenye kamba yana madoa mapya. Nikatoka nje nikainua pembe ya turubai kwa mti. Chini yake bati la juu lilikuwa kavu.

Nilitaka nimfiche, nifute kwanza. Alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama juu, akatazama turubai, akatazama juu tena. Hakuinua kidole. Akageuka akaenda kibarazani, na chai niliyompelekea niliikuta imepoa.

Aprili 11

Wifi alikuja na furaha zake, anasema mbao zimefika. Baba akamwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, tafuta fundi mwingine."

"Fundi gani mwingine?"

"Yeyote. Mimi mkono umekwisha."

"Baba, ni goti, si mkono. Utakaa chini uelekeze, kama kaka alivyosema."

"Siyo goti. Nimeziba kile kibanda cha dobi kwa lami, nimeziba kwa simenti, nimekifunika turubai la lori, na bado kinavuja. Bati tatu zimenishinda. Nikakuwekee wewe paa la kulala na kesho watoto wako?"

Wifi alisema hana watoto. Baba akasema, "Utapata," na hapo mazungumzo yakaisha. Wifi alinifuata jikoni, akashika kisu akakata kitunguu ambacho sikukihitaji, ili apate sababu ya machozi. Ameniambia hajali nyumba ikae bila paa mwaka mzima. Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, "Wewe hujui. Mimi sikujenga nyumba, nilijenga kuta za kuweka paa la Baba."

Jioni mzee aliniletea nyundo yake. Mpini wake umelika pale kidole gumba kinapokaa. Akaniambia niiweke chini ya mlango uliovimba, iushikilie, kwa sababu haufungi vizuri.

Nilitaka kukataa. Akanitazama, nikaipokea, nikaiweka chini ya mlango. Nimeandika siku nyingi kwamba nimechoka naye. Leo naona vibaya hata kupita pale mlangoni.

Aprili 14

Mwenye lori kachukua turubai lake. Baba haji tena chumbani. Nilidhani nitafurahi kupata nafasi.

Aprili 15

Meneja kasema akiona doa jingine atatafuta dobi mwingine. Kila mtu anatafuta mwingine.

Aprili 17

Hili lazima niliandike lote, hata kama sufuria itaungua.

Asubuhi nilibeba beseni la mashuka yaliyokamuliwa kutoka bombani hadi chumbani. Ukamuaji wangu si mbaya, lakini shuka la wageni ni zito, na beseni lile linanivunja mgongo kila siku, nalisukuma hatua za mwisho kwa goti. Nikaanika, nikafunga mlango. Nikachemsha meupe kwenye sufuria kubwa, nikapiga pasi ya jana yake. Mchana nikaanua, nikakunja, nikapanga kwenye beseni lile lile, nikalinyanyua kwa mkono mmoja kwenda nalo ndani.

Katikati ya mlango nikasimama. Uzito ule umekwenda wapi?

Sikumwaga. Sakafu haikuwa na dimbwi. Mashuka ni yale yale, beseni ni lile lile, na asubuhi lilikuwa na maji ndani yake yasiyopungua ndoo. Ndoo nzima imetoka kwenye mashuka, na sufuria nayo imepungua nusu, nami nimefunga mlango, dirisha limefungwa, juu ya ukuta kumezibwa kwa simenti, matundu yamepigwa mbao. Yako wapi?

Tone likaniangukia utosini.

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Nikakumbuka Jumapili zile: mvua kubwa kutwa, sikufua, kukavu. Nikakumbuka turubai. Nikakumbuka chombo cha maji baridi anachowekewa Baba mezani, jinsi kinavyolowa nje kila siku ninapokitoa kwenye friji, na hakuna aliyewahi kusema kinavuja. Bati linapigwa na mvua juu, linapoa. Mvuke wangu unapanda, unakutana na bati la baridi, haupati pa kutokea, unarudi kuwa maji. Paa halikuvuja hata siku moja. Mvua ilikuwa ya kwangu. Na kila alipoziba tundu kuzuia mvua isiingie, alikuwa anaifungia ndani.

Fundi mwashi asingefanya kosa hili, wala mimi nisingelifanya. Lilihitaji mtu aliyepigana na mvua maisha yake yote, na siku zote ikimjia kutoka juu.

Aprili 18

Nimemwambia. Nilipanga maneno tangu alfajiri, yakatoka ovyo.

"Baba, paa halivuji. Ni mimi. Ni maji ya mashuka."

Alinisikiliza mpaka mwisho, habari za beseni, za chombo cha maji, za Jumapili. Halafu akasema, "Mkwe, wewe ni mtu mwema. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

"Mtu akizeeka watu wanaanza kumtafutia maneno. Mimi pia nilimfanyia baba yangu."

Nikaona machozi yananitoka kwa hasira, si kwa huruma. Nikamwambia kama ni kubembeleza ningechagua uongo usiokula kazi yangu, kwa sababu kama ni mvuke, basi mwenye makosa ni dobi. Hilo likamfanya anitazame. Nikamwomba jambo moja: kesho na keshokutwa sitafua. Mvua ikinyesha, aje akae chini ya paa lake.

"Na mashuka ya watu?"

Nikamwambia hayo aniachie mimi.

Aprili 19, Jumapili

Mvua ya wastani. Baba kakaa kwenye kigoda changu, mikono magotini, macho juu. Kukavu. Alisema, "Jumapili huwa hivyo." Anaijua Jumapili, kumbe naye alikuwa ameona.

Aprili 20

Niliwatuma watu wamwambie meneja ninaumwa. Ni uongo, nimeuandika hapa ili uwe mahali fulani. Mvua ilianza kabla ya chai na haikukoma mpaka jioni, mifereji imejaa, mtaa umekuwa mto. Baba alikaa kutwa nzima. Nilimpelekea chakula pale pale. Alitembea kila pembe, akapanda kigoda akapitisha kiganja kwenye bati, mstari kwa mstari, akakitazama kiganja.

Jioni, akitoka, aliinama pale mlangoni akaisogeza nyundo isikae kwenye maji.

Aprili 21

Leo tumefanya jaribio la pili. Nimerudisha mashuka yote yaliyolowa, nikaanika kamba zote, nikawasha jiko la gesi nikachemsha sufuria kubwa, nikafunga mlango. Nje manyunyu ya baridi. Mume wangu naye kakataa kwenda kulala, kaingia na unga bado kwenye nyusi. Tukakaa watatu kwenye vigoda kama watu wanaosubiri gari lisilo na ratiba.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha bati likapoteza mng'aro wake, taratibu, kuanzia katikati, vile kioo kinavyofanya ukikihemea. Baba akasimama. Ukungu ule ukawa vidoti, vidoti vikakaribiana, viwili vikaungana, vikawa tone. Tone likateleza kwenye wimbi la bati, likafika kwenye mbao, likasimama kidogo likachukua vumbi la mbao, ndiyo ile rangi ya chai, likamwangukia mzee kwenye kipara.

Hakulifuta. Mume wangu alisema polepole, "Ndiyo maana kule kazini tanuri tunaliachia tundu."

"Na hukusema," nikamwambia.

"Mimi nalala mchana. Nani kaniuliza?"

Baba alikuwa bado anatazama juu. "Maisha yangu yote," akasema, "nimekaa upande wa juu wa bati. Nikimaliza kupiga msumari nateremka nje, nalipwa, naondoka. Sijawahi kukaa chini ya paa langu nikaangalia." Akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, mume wangu akanyanyuka kwa hofu, kumbe mzee anacheka. Alicheka mpaka akashika goti. "Nimemwekea mkwe wangu kifuniko cha sufuria. Tena nimekikandika simenti."

Tulicheka sote, mimi nikiwa na machozi ya kweli, na matone yanatuangukia hakuna aliyehama.

Aprili 22

Kutwa Baba analiza patasi. Anabomoa simenti yake mwenyewe, kijitundu kimoja kimoja, anaitukana kwa sauti ya chini jinsi ilivyo ngumu. "Nani huyu aliyeziba hivi?" anauliza. Namjibu ni fundi mmoja mbishi sana. Kabandua na mbao za matofali ya matundu, akaweka wavu mahali pake. Juu kabisa ya ukuta wa nyuma katoboa tundu jingine refu, kalivisha kipande cha bati kilichoinamia nje, mvua isipate pa kuingilia.

Nilimpa nyundo kwa kazi hiyo. Jioni kaioshea bombani, kaifuta, akairudisha chini ya mlango.

Aprili 25

Meneja kauliza kama nimepona. Nikasema nimepona. Kakunjua mashuka, kayageuza, hakusema kitu. Kwake hiyo ni hotuba.

Aprili 29

Bado asubuhi za baridi bati linalowa kidogo, lakini halidondoshi. Upepo unapita juu ya kamba, mashuka yanakauka mapema. Nikichemsha naona mvuke unapanda umekusanyika, unasitasita chini ya bati, halafu unaondoka kwenye tundu kama umeitwa. Nje nao unapotea hewani. Huenda utarudi na wingu la kesho, huenda ni umande wa majani ya jirani. Sina ugomvi nao tena.

Mei 3

Alfajiri ukungu ulikuwa umelala mtaa mzima, mapaa yote ya Baba yanaelea juu yake. Alisimama kibarazani muda mrefu. Akasema, "Huko chini kwenye nyumba za watu, sijui wamezibaje."

Mei 6

Wifi amepata fundi. Kaja kusema, macho kayainamisha kwenye kikombe. Mvua zimepungua, mbao haziwezi kuendelea kulala nje. Jumamosi ya wiki ijayo anaanza. Hakuwa na habari za mvuke, hatukumwambia, kila mmoja alidhani mwingine kamwambia.

Baba akasema, "Vizuri." Basi.

Nilimtazama mume wangu, akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa hataki mzee apande. Alijikuna kichwa akasema, "Baba, lakini paa halikuvuja."

"Halikuvuja," mzee akakubali. "Ila sikujua. Fundi asiyejua na fundi asiyeweza ni yule yule."

Mimi nikainuka. Nilikwenda chumba cha kufulia nikavuta nyundo chini ya mlango. Mlango ukajifunga wenyewe, taratibu, ukaingia kwenye fremu yake bila kukwama. Jua la siku hizi limeupunguza, sikuwa nimeona. Nikarudi nikamwekea Baba nyundo mapajani.

"Mlango umepona, Baba. Hii haina kazi kwangu."

Wifi akauliza kuna nini. Mzee akamwambia akae. Akamweleza mwenyewe, tangu tone la kwanza, na hakujipunguzia hata kidogo. Alipofika kwenye turubai la lori wifi alikuwa anajifuta macho kwa kicheko. Alipofika kwenye Jumatatu ile aliyokaa kutwa chini ya bati, wifi aliacha kucheka, akashika ule mpini kwa mkono wake pale palipolika.

Mei 16

Tumeezeka. Yule fundi wa wifi aligeuka kuwa mtu wa heshima. Alipoona mzee amekuja na nyundo yake alisema, "Mzee, mimi nimekulia chini ya paa lako. Leo nitashika bati, wewe piga." Makubaliano na mume wangu yalikuwa kwamba Baba atapanda kwa kofia ya paa tu, lile bati la juu kabisa linalounganisha pande mbili. Mume wangu alishika ngazi kwa mikono miwili na hakuiachia hata kujikuna. Mimi nilikuwa nawapa maji na kujifanya siangalii juu.

Juu ya kuta Baba hakuziba. Kaacha nafasi pande zote mbili, kavisha wavu, kisha kashusha bati kwa mbele kama ukingo wa kofia. Wifi alizunguka nyumba akaona.

"Baba, hapa umesahau."

"Sijasahau."

"Baridi itaingia."

"Utavaa sweta. Wewe ukilala humu usiku mmoja unahema maji ya kujaza kikombe. Yatoke wapi?"

Wifi akanigeukia mimi, kama anayesema mmemfanya nini baba yangu.

Mei 17, Jumapili

Sikutarajia kuandika leo, mvua zimekwisha na nilisema nitaacha.

Asubuhi Baba alituambia kazi ya jana haijamalizika. Tukaenda sote nyumbani kwa wifi. Hakubeba nyundo. Alibeba kigoda. Akamwambia wifi awashe jiko katikati ya chumba kitupu, aweke sufuria ya maji, afunge mlango na madirisha. Nje usiku ulikuwa wa baridi na bati bado lilikuwa limepoa. Akaweka kigoda chini ya paa, akakaa, mikono magotini.

Maji yakachemka. Mvuke ukapanda, ukagusa bati, ukatawanyika kama unaosoma njia. Bati likafifia kidogo. Mume wangu alikuwa analala amesimama. Kisha mvuke ukaanza kuvutika kuelekea kwenye wavu, kwanza kidogo, halafu wote, na ule mwanga wa asubuhi uliokuwa unaingia pale tukauona unapita ndani yake unapotoka.

Tulikaa mpaka sufuria ikakauka. Baba hakupanda kupima. Akasogea pembeni, akanigongea kigoda kwa kiganja.

"Mkwe," akasema, "kagua wewe. Wewe ndiye unayejua upande huu."

Nikavua viatu, nikapanda. Wifi akanishika miguu. Nikapitisha kiganja kwenye bati, wimbi kwa wimbi, kutoka ukutani hadi katikati, polepole, kama alivyofanya yeye chumbani kwangu. Nikateremka, nikamnyooshea mkono ili ajionee mwenyewe.

Alikishika kiganja changu kwa viganja vyake viwili, akakipapasa muda mrefu.

"Kavu," akasema.

"Kavu, Baba."

"Basi nimemaliza," akasema, akamgeukia binti yake. "Ingiza vitu vyako."